Kambi zilifungwa, makao hayakupatikana: Wasio na nyumba Nakuru na Bonde la Ufa

KATIKA lugha ya maafisa wa serikali, mtu aliyefurushwa kwake ni mkimbizi wa ndani maadamu angali hemani. Pindi anapotoka hemani akapanga chumba cha mabati mtaani Kaptembwo, au akapewa pembe ya kulala na jamaa yake Free Area, jina hilo humbanduka, na pamoja nalo blanketi, mgao wa unga na nafasi yake katika orodha. Nyumba hana bado. Kilichobadilika ni kwamba haonekani tena.

Nakuru, mji uliopandishwa hadhi kuwa jiji Desemba 1, 2021, pamoja na maeneo ya Molo, Kuresoi, Njoro, Rongai, Gilgil, Naivasha na Mai Mahiu, umeshuhudia hali hii mara nyingi pengine kuliko sehemu nyingine yoyote ya Kenya. Wamo waliofukuzwa na mapigano ya kikabila, waliotolewa msituni, waliozamishiwa nyumba na maziwa, na watoto wanaolala katika veranda za maduka. Makala haya yanaeleza walikotoka, makao ya muda waliyopewa, na yaliyowapata baada ya makao hayo kufungwa.

Viwanja viwili, mji mmoja

Matokeo ya uchaguzi wa urais wa Desemba 27, 2007 yalitangazwa jioni ya Desemba 30, na ghasia zikazuka papo hapo. Kwa Nakuru, wimbi la kwanza lilikuwa la watu waliotoka kwingine: Eldoret, Burnt Forest, Molo na Kuresoi. Huko Kuresoi, kwa hakika, watu walikuwa wakihama miezi kadhaa kabla ya kura kupigwa, na taarifa zao hazikupewa uzito. Walifika kwa malori, kwa matatu na kwa miguu, wakaelekezwa katika uwanja wa maonyesho ya kilimo, mahali ambapo kwa kawaida hujaa ng'ombe wa gredi na matrekta mara moja kwa mwaka.

Katika wiki ya mwisho ya Januari 2008 ghasia ziliingia Nakuru kwenyewe, kisha zikateremka hadi Naivasha, ambako mnamo Januari 27 watu 19 waliteketezwa ndani ya nyumba moja. Hapo ndipo mji ulipogawanyika waziwazi. Uwanja wa maonyesho ulikuwa umejaa Wakikuyu. Uwanja wa michezo wa Afraha, katika mji uo huo, ukapokea Waluo, Waluhya na Wakalenjin. Naivasha, waliotoka maeneo ya magharibi walikimbilia kituo cha polisi na gereza, jambo linaloonyesha jinsi hofu ilivyokuwa kubwa: mtu huru kuomba hifadhi jela. Wengi wao walipandishwa mabasi kuelekea Nyanza na Magharibi. Walisemekana "kurejea nyumbani", ingawa miongoni mwao walikuwamo watoto waliozaliwa na kulelewa Naivasha.

Tume iliyoongozwa na Jaji Philip Waki ilihesabu vifo 1,133 nchini kote. Kuhusu waliohama makwao, takwimu ya serikali ilifikia watu 663,921. Kati yao takriban 350,000 walikuwa katika kambi 118, nao 313,921 walipokewa na jamaa, marafiki au kupanga vyumba mijini. Tarakimu hiyo ya pili inafaa kukumbukwa. Inaeleza kwamba karibu nusu ya waliopoteza makao hawakuwahi kulala hemani, na karibu mipango yote iliyofuata iliundwa kwa ajili ya ile nusu nyingine.

Kambi ilivyoendeshwa

Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya ndilo lililobeba mzigo mkubwa wa kuendesha kambi. Shirika la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi, UNHCR, lilileta mahema. Lile la Mpango wa Chakula, WFP, likaleta mahindi, maharagwe na mafuta ya kupikia. UNICEF ikasaidia madarasa ya turubai. Makanisa na misikiti ilitoa nguo, sufuria na mahali pa kulala katika siku za kwanza, kabla ya lori lolote la misaada kufika. Wagonjwa waliokuwa wakimeza dawa za kupunguza makali ya Ukimwi walikuwa na tatizo la aina yake: kadi zao za kliniki ziliungua pamoja na nyumba, na dawa hizo hazitaki kukatizwa.

Kanuni za kimataifa za misaada zinataka kila mtu apate angalau mita mraba 3.5 za nafasi chini ya paa, lita 15 za maji kwa siku, na choo kimoja kisitumiwe na zaidi ya watu 20. Kambi kubwa zilikaribia viwango hivyo zilipokuwa zikipigwa picha na kutembelewa na wageni wa kidiplomasia. Zile ndogo zilizochipuka baadaye kando ya barabara hazikuvikaribia kamwe.

Jambo jingine ambalo halikuandikwa katika kanuni yoyote ni umri wa hema. Turubai halikusudiwi kudumu zaidi ya mwaka mmoja hivi. Jua la Mai Mahiu na upepo wake wa vumbi hulichana. Mvua ya Molo na Mau Narok, zaidi ya mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, huliozesha. Familia zilizokuwa bado ndani ya mahema hayo mwaka 2011 zilikuwa zikiishi chini ya viraka vya magunia, karatasi za nailoni na mabango ya kampeni za uchaguzi.

Vitambulisho navyo vilikuwa kikwazo kisichosemwa sana. Malipo ya serikali yalitolewa kwa aliyesajiliwa, na aliyesajiliwa alitakiwa kujitambulisha. Mwanamke ambaye kadi yake iliungua, na ambaye jina lililoandikwa katika orodha lilikuwa la mume aliyeuawa au aliyetoweka, alilazimika kuthibitisha kwanza kwamba yeye ndiye yeye. Kwa upande mwingine walikuwapo matapeli waliopiga hema usiku wa kuamkia usajili ili wapate fungu lisilo lao. Maafisa waliposhuku udanganyifu, walisitisha malipo ya kambi nzima, na aliyeumia ni yule asiye na pengine pa kwenda.

Operesheni Rudi Nyumbani

Mkataba wa kugawana mamlaka ulitiwa sahihi Februari 28, 2008 kwa upatanishi wa Kofi Annan. Miezi miwili na siku chache baadaye, Mei 5, serikali ilizindua Operesheni Rudi Nyumbani. Kila familia iliahidiwa Sh10,000 za kuanzia maisha, na waliochomewa nyumba wakaahidiwa Sh25,000 za kujenga upya. Operesheni nyingine mbili zilifuata, Tujenge Pamoja na Ujirani Mwema. Majina yalikuwa mazuri.

Mpango huo ulikuwa na dhana moja kubwa ndani yake: kwamba kila aliyehama alikuwa mkulima mwenye shamba lake, na kwamba shamba hilo lilikuwa likimngoja. Kwa baadhi ya watu wa Molo na Kuresoi dhana hiyo ilikuwa sahihi, na hao walirudi, wengi wakikaa kwanza katika kambi za mpito karibu na mashamba, wakilima mchana na kulala pamoja usiku kwa tahadhari. Lakini wengine wengi walikuwa wapangaji. Alikuwapo mwenye kibanda cha kuuza mitumba Eldoret, fundi viatu wa Burnt Forest, kibarua wa mashamba ya maua Naivasha. Hao hawakuwa na ploti ya kurudia. Sh25,000 hazikuwahusu, kwa kuwa nyumba iliyochomwa ilikuwa ya mwenye nyumba. Kazi zao zilishachukuliwa na wengine, na chumba chao alikuwamo mpangaji mwingine, pengine mmoja wa waliowafukuza.

Kwa hiyo mtu wa namna hiyo alipewa Sh10,000 na kuambiwa kambi inafungwa.

Jikaze na Vumilia

Kilichofuata ni mojawapo ya mambo ya kustaajabisha zaidi katika historia ya makazi nchini, na hakikutoka katika ofisi yoyote. Wakimbizi waliunda vikundi vya kujisaidia, wakachangisha zile Sh10,000, wakatafuta shamba la bei nafuu na kulinunua kwa pamoja. Familia 100 zikichanga kila kitu walichopewa huwa na Sh1 milioni. Fedha hizo, kwa bei za wakati huo, hazingeweza kununua ardhi yenye rutuba ya Njoro. Ziliweza kununua ekari chache za ukame Mai Mahiu, chini ya mteremko wa Bonde la Ufa, au kipande kandokando ya barabara kuu eneo la Pipeline, nje kidogo ya Nakuru. Wengine walikwenda Ol Kalou katika Nyandarua na kuishi katika kambi ya Mawingo.

Majina waliyoyapa makazi yao mapya yanasema mengi: Jikaze, Vumilia. Sehemu aliyopata kila mwanachama katika baadhi ya makazi hayo ilitosha hema na mafiga, na haikuacha nafasi ya hata tuta la sukuma wiki. Mkulima aliyekuwa akiuza magunia ya viazi alijikuta akitafuta kibarua cha kupasua mawe ili anunue viazi vya mtu mwingine.

Hata hivyo walikuwa na kitu kimoja ambacho wa kambi za serikali hawakuwa nacho, yaani uamuzi wa mahali pa kukaa ulikuwa wao. Ardhi hiyo ikawa mlango wa misaada mingine. Shirika la Habitat for Humanity, kwa mfano, lilijengea familia kadhaa za Mai Mahiu nyumba za kudumu, jambo ambalo halingewezekana katika uwanja wa maonyesho wala kwenye shamba la kuazima. Wafadhili wa ujenzi huuliza kwanza ardhi ni ya nani. Vikundi vya Mai Mahiu vilikuwa na jibu.

Hati zikawa shida ya muda mrefu. Shamba lililonunuliwa kwa jina la kikundi lina hati moja, na kuligawa kunahitaji mpimaji, ramani, ada na idhini. Afisa wa kikundi akifariki au akigombana na wenzake, mambo hukwama.

Ekari mbili na robo

Kwa waliobaki hemani, serikali kupitia Wizara ya Mipango Maalum iliamua kununua mashamba makubwa na kuwagawia ekari 2.25 kila familia: mbili za kulima na robo ya kujenga. Baadhi ya familia zilipata makao kwa njia hii, ikiwemo katika shamba la Giwa huko Nakuru. Lakini ununuzi ulikwenda polepole, bei zilipanda kila mara muuzaji alipotambua kwamba mnunuzi ni serikali, na mahali pengine wenyeji walikataa. Mau Narok ndiko upinzani ulikuwa mkali zaidi: Wamaasai walisema ardhi hiyo walinyang'anywa na wakoloni, hivyo haiwezi kutumiwa kufuta dhuluma ya watu wengine huku yao ikisahaulika. Ilikuwa hoja nzito, na haikupata jibu la kuridhisha.

Mnamo 2013 serikali mpya ya Jubilee ilichagua njia ya mkato. Badala ya ardhi, familia zilizosalia kambini zilipewa Sh400,000 kila moja na kuambiwa zijitafutie. Kwa anayejua soko la ardhi Nakuru, kiasi hicho kilitosha ploti na mabati, au ekari moja mbali na barabara. Walionunua mara moja walipata mahali. Wengine walilipa madeni ya miaka mitano, karo na matibabu, na fedha zikaisha kabla ya dalali kupatikana. Kwa serikali, huo ulikuwa mwisho wa kambi.

Waliohifadhiwa na jamaa, wale 313,921, walisubiri zaidi na kupata kidogo zaidi. Waswahili husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Nyumba ya vyumba viwili iliyopokea familia ya shangazi, binamu na watoto wanane haikudumu kuwa na amani kwa mwaka mzima. Baadhi ya wageni hao walihamia mitaa ya bei ya chini ya Rhonda na Kaptembwo, ambako kodi hulipwa kila mwezi na mlango hufungwa kwa kufuli ya mwenye nyumba anayeidai. Walipojitokeza kudai haki yao, waliulizwa walikuwa kambi gani.

Sheria ilikuja mwishoni mwa 2012. Sheria ya kuzuia uhamaji na kuwalinda na kuwasaidia wakimbizi wa ndani, Nambari 56 ya mwaka huo, inamtambua kuwa mkimbizi wa ndani mtu yeyote aliyelazimika kuacha makao yake kwa sababu ya vita, ghasia, majanga au hata miradi mikubwa ya maendeleo, bila kujali kama amelala hemani. Katiba ya 2010 ilikuwa imeshatangulia: Kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya makao yafaayo. Kwenye karatasi, mpangaji wa Kaptembwo na mkazi wa kambi walikuwa sawa. Katika bajeti hawakuwa.

Mizizi ya mbali

Ni kosa kudhani kwamba haya yalianza 2008. Bonde la Ufa la kati lilikuwa kitovu cha Nyanda za Juu za Wazungu, na walowezi waliwageuza wakazi na vibarua kuwa maskwota wasio na haki ya ardhi. Olenguruone, juu ya Molo, palikuwa makazi ya Wakikuyu waliohamishiwa huko miaka ya mwanzo ya 1940. Kufikia 1950 walikuwa wamekwisha kufukuzwa tena na serikali ya kikoloni iliyowapeleka hapo. Baada ya Uhuru, mipango ya makazi na kampuni za kununua ardhi kama Ngwataniro zilileta maelfu ya wanahisa Nakuru. Wengi walipewa vyeti vya hisa, na hati miliki zikacheleweshwa kwa miongo. Mtu akifukuzwa penye ardhi ya namna hiyo, hana karatasi ya kumrudisha.

Mapigano ya 1991 hadi 1993 yalijaza watu katika miji ya Elburgon, Njoro na Molo, na baadhi yao hawakurudi mashambani. Oktoba 1993 wakazi wa Enoosupukia, Narok, walikimbilia Maela karibu na Naivasha, wakaishi huko zaidi ya mwaka mmoja. Desemba 1994 askari waliwapakia baadhi yao malorini usiku na kuwatupa Kirigiti, Kiambu, na sehemu za Nyandarua, kwa hoja kwamba huko ndiko asili yao. Wachache waligawiwa ardhi Moi Ndabi. Kambi ya Maela ilifungwa. Anayesoma kumbukumbu za Maela na kisha za Nakuru 2008 huona maneno yale yale ya maafisa: wamerejeshwa, wamehudumiwa, kambi haipo.

Msitu wa Mau

Novemba 2009 serikali ilianza kuwaondoa watu katika Mau Kusini Magharibi ili kuokoa chemchemi za mito inayolisha Ziwa Nakuru, Mara na Ziwa Victoria. Sababu ilikuwa ya kweli. Msitu ulikuwa umekatwa kiasi cha kutisha. Lakini waliotolewa hawakuonyeshwa pa kwenda, wakajenga vibanda vya nailoni pembezoni mwa msitu, mahali kama Kurbanyat, wakakaa huko kwa miaka. Hawa wengi walikuwa Wakalenjin. Kwa mara nyingine siasa ikalinganisha kabila na kabila: kwa nini wa ghasia wanapewa ardhi na wa msitu hawapewi? Mateso ya baridi ya Mau hayakuwa tofauti kwa yeyote.

Waogiek, wenyeji wa msitu tangu jadi, wana kisa chao. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao Arusha, iliamua Mei 26, 2017 kwamba Kenya ilikiuka haki zao kwa kuwafukuza, na Juni 23, 2022 ikaamuru walipwe fidia na watambuliwe ardhi yao. Novemba 2023 nyumba zao zilibomolewa tena Sasimwani, upande wa Narok.

Watu wa mitaani

Neno chokoraa lilitokana na kuchokora, kupekuapekua taka, na limekuwa tusi. Nakuru lina maana yake halisi katika jaa la Gioto, mlima wa takataka ulio karibu na mtaa wa London, ambako watu huokota chuma chakavu, plastiki na chakula, na baadhi yao hulala papo hapo. Sensa ya familia za mitaani iliyofanywa mwaka 2018 ilihesabu watu 46,639 nchini. Nakuru walikuwa 2,005, nyuma ya Nairobi, Mombasa, Kisumu na Uasin Gishu. Nakuru ni njia panda ya reli na barabara kuu ya Uganda, na mtoto aliyetoroka kwao Baringo au Kericho hushuka hapo kwanza.

Mwaka 2003 serikali ya Mwai Kibaki iliunda hazina ya kuzirekebisha familia za mitaani, na vijana wengi wakapelekwa katika mafunzo ya Huduma ya Vijana kwa Taifa, NYS, yenye chuo kikubwa Gilgil. Walijifunza udereva, uashi na ufundi wa magari. Baada ya mafunzo wengine walipata kazi. Waliokosa walirudi veranda zile zile, safari hii wakiwa na cheti.

Miaka mingi baadaye, Februari 2019, nchi ilishtuka kusikia kwamba watoto wapatao 41 walikamatwa mjini Nakuru usiku, wakasafirishwa na kuachwa katika msitu wa Chemususu, Baringo, penye baridi na giza. Askari wa kaunti ndio waliolaumiwa, na Seneti ikachunguza. Wapo waliojitetea kwamba mji ulikuwa ukisafishwa. Sheria iliyokuwa ikifanya uzururaji kuwa kosa ilifutwa mwaka 1997, lakini fikra yake haikufutika katika maafisa wengi wa miji, na msako bado ndiyo huduma ambayo mtu wa mitaani hukutana nayo mara kwa mara.

Huduma nyingine zipo, ingawa ni haba. Watoto waliookotwa hupelekwa katika makao ya rumande ya watoto mjini Nakuru, ambayo hupokea kwa pamoja mtoto aliyekosa na mtoto aliyekosewa. Yapo makao ya hiari, kama kituo cha Restart huko Gilgil kilichoanzishwa 2008. Tangu 2022, Sheria mpya ya Watoto na mkakati wa kitaifa wa malezi vinataka makao ya watoto yapungue na mtoto arudishwe kwa ukoo au familia ya malezi. Wazo hilo ni jema, ila linahitaji afisa wa watoto mwenye gari na mafuta ya kwenda kukagua familia hiyo zaidi ya mara moja. Kwa mtu mzima, hasa mama mwenye mtoto mchanga, nafasi ya kulala ni finyu mno. Karibu huduma zote zimepangiwa watoto, na mvulana anapofikisha miaka 18 hutoka katika orodha usiku mmoja.

Aliye katika hatari anaweza kupiga 116, simu ya bure ya kuwasaidia watoto, au 1199 ya Msalaba Mwekundu wakati wa janga. Chifu wa eneo ndiye huanza orodha ya waathiriwa, na asiyeandikwa siku za kwanza hupata taabu kuingizwa baadaye. Kwa hiyo hata anayehifadhiwa kwa jamaa anashauriwa ajiandikishe kwa chifu, atunze nakala ya kila fomu, na aripoti polisi upotevu wa kitambulisho ili apate hati ya kuombea kingine.

Maji

Tangu mwaka 2010 maziwa ya Bonde la Ufa yamekuwa yakipanda. Ripoti ya serikali ya 2021 ilikadiria kwamba familia zaidi ya 75,000 zilikuwa zimeathiriwa na kupanda kwa maziwa nchini. Baringo, shule na zahanati zilimezwa. Ziwa Nakuru liliingia Mwariki. Ziwa Naivasha liliingia mtaa wa Kihoto mwaka 2020 na kurudi kwa kishindo 2025. Mai Mahiu nako, alfajiri ya Aprili 29, 2024, maji yaliyokusanyika nyuma ya tuta la reli yalibomoka na kuufagia mtaa wa Kamuchiri, yakaua makumi ya watu. Walionusurika walilazwa katika shule ya wasichana ya Ngeya, na shule ilipokaribia kufunguliwa ikabidi waondoke. Makao ya dharura Bonde la Ufa karibu daima ni mali ya kitu kingine: uwanja wa maonyesho, kanisa, shule, na kila moja lina siku yake ya kudaiwa.

Sheria ya 2012 inawahesabu wahasiriwa wa mafuriko kuwa wakimbizi wa ndani sawa na wale wa ghasia. Kihoto, baadhi ya wenye nyumba walitoa hati zao walizolipia, nazo mamlaka zikajibu kwamba ardhi hiyo ni ukingo wa ziwa na haikupaswa kujengwa. Wapangaji wa mtaa huo, wengi wao vibarua wa mashamba ya maua, hawakuwa na hati ya kuonyesha upande wowote. Walibeba magodoro kwa mashua, wakaenda kutafuta vyumba kwingine Naivasha, ambako kodi tayari ilikuwa imepanda.